Kupandisha Nakala Mama Milimani

 Mlioko Lushoto mjini, Soni, Bumbuli, Lukozi, Mlalo, Mlola na kule Mtae mwisho wa njia, poleni na baridi. Mlioko bondeni, Mombo, Mazinde na Korogwe, poleni na joto.  

Leo nina jambo ambalo ukilisikia juujuu utadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Hapana. Ni la mkuu wa shule. Ni la mjumbe wa bodi. Ni la mzazi aliyechangia mabati ya chumba cha kompyuta, na ni la mganga mfawidhi wa kituo cha afya aliyeletewa kompyuta nne zikiwa bado kwenye maboksi. Swali lenyewe ni hili: mkiwa na kompyuta nyingi, zimetawanyika kwenye vijiji vingi, mtafanyaje ili zote ziwe na programu zilezile, mipangilio ileile na masomo yaleyale, bila fundi kumaliza mwaka mzima barabarani?

Tuanze na hali tunayoijua. Shule imepata kompyuta 30. Furaha, picha, hotuba. Kesho yake anaitwa fundi kutoka mjini. Anakuja na flashi mfukoni, anakaa mbele ya kompyuta ya kwanza na kuanza kupiga Windows. Anasubiri. Anaweka programu ya kuandikia, anaweka ya mahesabu, anaweka ya kuzuia virusi, anasubiri tena. Ikiisha, anahamia ya pili. Umeme unakatika, anarudia. Siku ya tatu uvivu unamwingia, na mimi simlaumu: ya kumi na tano anairuka hatua moja, ya ishirini anaweka toleo jingine kwa sababu lile la kwanza limegoma. Mwisho wa wiki shule ina kompyuta 30 na kila moja ina tabia zake. Mwalimu anasema, "Bonyezeni hapo juu kulia," nusu ya darasa wanabonyeza, nusu nyingine wanamwangalia.

Hiyo ni shule moja. Sasa chukua shule kumi: moja iko Bumbuli, nyingine Lukozi, nyingine Mlalo, nyingine juu kabisa Mtae. Fundi ni yuleyule, flashi ni ileile. Atamaliza lini?

Kuna njia nyingine, na si mpya. Fundi anaandaa kompyuta moja tu. Anaiandaa kwa utulivu, hata kwa wiki nzima. Anaweka kila kinachotakiwa, anaondoa kisichotakiwa, anaijaribu, anamwita mwalimu aijaribu. Wote wawili wakiridhika, anaipiga picha diski yake yote, kuanzia ile sehemu iliyojificha inayoiamsha kompyuta inapowashwa, hadi programu, hadi mafaili ya masomo. Picha hiyo inakaa ndani ya faili moja kubwa. Tuiite nakala mama. Kisha nakala mama inamwagwa kwenye kompyuta nyingine zote, nazo zinaamka zikiwa sawasawa na ile ya kwanza.

Narudia hapo, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Kunakili mafaili si kunakili diski. Ukichukua mafaili ya kompyuta moja ukayahamishia kwenye nyingine tupu, hiyo nyingine haitawaka, kwa kuwa hujaipelekea kile kinachoiamsha. Nakala mama inabeba vyote.

Nani aliyeanza? Katikati ya miaka ya 1990, kule Auckland, New Zealand, bwana mmoja anayeitwa Murray Haszard na kampuni yake ya Binary Research walitengeneza programu waliyoiita Ghost. Mwaka 1998 kampuni kubwa ya Marekani, Symantec, ikainunua. Mafundi wetu wa umri fulani wanaifahamu vizuri Ghost. Leo zipo programu za bure kabisa zinazofanya kazi hiyohiyo. Ipo Clonezilla, iliyotoka Taiwan. Ipo FOG, ambayo nitairudia baadaye, maana ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye shida kama yetu. Kwa hiyo, ndugu zangu, programu ya kufanyia kazi hii si kikwazo. Hailipiwi hata shilingi.

Haya, tuingie ndani ya chumba kimoja kwanza. Kompyuta 30 zimeunganishwa kwa waya kwenye swichi, na pembeni kuna kompyuta moja ya kutunzia, ambayo mafundi wanaiita seva. Karibu kila kompyuta ya mezani ya miaka ishirini iliyopita ina uwezo wa kuamka kwa kuuliza mtandaoni badala ya kuuliza diski yake. Utaratibu huo ulitolewa na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990 na unaitwa PXE. Kompyuta inawashwa, haina kitu ndani, inauliza kwenye waya: yupo wa kunipa la kufanya? Seva inajibu: nipo, chukua hii. Hakuna flashi hapo, wala fundi hatoki kiti kimoja kwenda kingine.

Na kuna jambo zuri zaidi. Seva haihitaji kutuma mara 30. Inatuma mara moja, na kompyuta zote 30 zinapokea kwa pamoja, kwa wakati uleule. Tuseme nakala mama yetu ina ukubwa wa gigabaiti 20. Kwenye swichi ya kawaida, hata ya zamani, inamwagika kwa takribani nusu saa. Na nusu saa hiyo ni ya zote, si ya kila moja. Zikiwa 30 ni nusu saa. Zikiwa 10 ni nusu saa.

Masharti yapo, nisiwadanganye. Zote lazima zisubiriane kabla ya kuanza. Moja ikiwa na diski iliyochoka, itazivuta zote ziende kwa mwendo wake, na mtakaa hapo mpaka usiku mkidhani swichi ni mbovu, kumbe ni ile kompyuta ya pembeni. Itoeni, mtaona mabadiliko. Halafu fanyeni kwa waya. Kwa Wi-Fi kazi hii haiendi vizuri, hata kama muuzaji alikusifia rauta yake namna gani. Na umeme: kompyuta iliyokatikiwa katikati ya kumwagiwa haina la zamani wala jipya, inabidi kuanza upya. Seva angalau iwe na betri yake.

Tumeelewana mpaka hapo? Nakala mama moja, chumba kimoja, waya, nusu saa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni mlima.

Chukua tena zile shule zetu kumi. Wazo la kwanza la watu wengi, hasa wanaopanga kazi wakiwa Dodoma au Dar es Salaam, ni kuweka nakala mama kwenye seva moja makao makuu, halafu kila shule ivute kwa intaneti. Wazo linapendeza kwenye karatasi. Hebu tulipigie hesabu moja tu, halafu namba tuziache. Gigabaiti 20, kwenye mtandao wa simu unaokupa megabiti mbili kwa sekunde, zinachukua karibu saa 22. Yaani mchana kucha na usiku karibu kucha, pasipo kukatika hata mara moja. Nani hapa milimani ameona mtandao wa saa 22 usiokatika, ukungu ukiwa umeshuka na mvua za masika zinapiga? Tena hizo ni saa za kompyuta moja. Na bando hilo linalipwa na nani, mfuko wa shule?

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umetufikisha mbali, na nyaya za baharini zilizofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, zimeshusha gharama kuliko enzi za setilaiti. Lakini mkongo kupita kwenye barabara kuu si sawa na mkongo kuingia darasani Mtae. Kipande cha mwisho, kile cha kutoka barabara kuu hadi mlangoni, ndicho kinachotukwamisha.

Kwa hiyo mafundi wenye busara wanafanya nini? Wanaweka ghala dogo kila mahali. Na hapa ndipo FOG inapoingia. Ndani ya FOG unateua seva moja kuwa mkuu, mwenye nakala mama yenyewe. Shule nyingine kila moja ina seva yake ndogo, ambayo ni ghala tu. Nakala inasafiri kutoka kwa mkuu hadi ghalani mara moja. Baada ya hapo, kompyuta za Mlalo zinachota kwenye ghala la Mlalo na za Bumbuli zinachota Bumbuli, kwa waya, nusu saa yetu ileile. Unaweza kuiambia FOG kwamba kompyuta hizi ni za kituo hiki, zisiende kuchota kwingine. Unaweza pia kuiwekea kikomo cha kasi, ili nakala inaposafiri isiwanyang'anye walimu mtandao wanaoutumia kutuma taarifa za shule. Na ghala hilo, msidhani ni mtambo wa mamilioni. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye diski kubwa na kumbukumbu ya kutosha, inaweza kazi hiyo.

Narudia: safari ndefu iwe moja tu kwa kila kituo, na mgawanyo ufanyike hapohapo kituoni. Mkilishika hilo, mengine yote ni ufundi.

Sasa swali: hiyo safari moja ndefu iende kwa njia gani? Hapa nitasema maoni yangu, na najua kuna vijana wa TEHAMA watakaonicheka. Ipandisheni kwa basi. Kabisa. Diski ya nje yenye terabaiti moja inaingia kwenye mfuko wa koti na inabeba nakala mama hamsini za ukubwa wetu. Inaondoka Lushoto na abiria, jioni iko Mtae. Nauli yake ni ya mtu mmoja, na saa chache za barabarani zinashinda saa 22 za bando ambalo huna hakika nalo. Kizito kipande kwa gari, chepesi kipite kwenye simu.

Na chepesi ni kipi? Ni mabadiliko. Mwezi ujao mmeongeza kitabu kimoja na kurekebisha programu moja. Hakuna haja ya kusafirisha gigabaiti zote 20 tena. Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Australia, walitoa programu inayoitwa rsync. Inalinganisha faili la huku na la kule, kipande kwa kipande, bila kulisafirisha lote, halafu inatuma vile vipande vilivyobadilika peke yake. Usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri, mtandao umetulia, mabadiliko yanapita.

Ila kuna mtego hapo ambao mafundi wengi wanauingia, nao nataka niutaje taratibu. Nakala mama kwa kawaida hubanwa ili ipungue ukubwa. Ukishaibana kwa njia ya kawaida, badiliko dogo la mwanzoni linavuruga karibu kila kinachofuata. Rsync ikilinganisha, inaona faili zima ni jipya, inatuma lote, na asubuhi unakuta bando limeisha. Dawa ni mbili. Ama nakala itunzwe bila kubanwa, kwa kuwa diski siku hizi si ghali kama zamani. Ama, na hii ndiyo ninayoipendelea, nakala mama ibaki ileile kwa muhula mzima, na mabadiliko madogo yapelekwe kando, yawekwe juu yake.

Wasikilizaji, ninyi wa bondeni nimewasahau kidogo. Nirudi kwenu kwa habari ya mkonge. Mwaka 1893, Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vikapitia Hamburg, vikavuka bahari, vikafika Tanga. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Hivyo 62 ndivyo vilivyopandwa, na ndivyo wazee wa mashamba ya mkonge tuliyoyakuta kuanzia Pangani hadi Korogwe na Mombo, chini ya milima yetu hii. Kichipukizi cha mkonge hakitokani na mbegu ya baba na mama. Ni nakala ya mmea uliokizaa. Shamba zima ni nakala.

Kwa nini nimeileta habari hiyo? Kwa mambo mawili. La kwanza: Hindorf aliagiza elfu moja, lakini alihesabu vilivyofika. Fundi wa kompyuta naye ahesabu. Nakala iliyotumwa si nakala iliyofika. Faili la gigabaiti 20 likiharibika kipande kidogo kabisa njiani, kwa flashi mbovu au mtandao uliokatika, linaweza kuonekana zima kwa jina na hata kwa ukubwa, halafu likamwagwa kwenye kompyuta 30 na zote zikagoma. Ndiyo maana kila nakala mama hutolewa na alama ya uhakiki, mstari wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Kompyuta ya Lushoto inakokotoa, ya Mtae inakokotoa, mnapigiana simu na kusomeana tarakimu chache za mwanzo na chache za mwisho. Zikilingana, mwagieni. Zikitofautiana hata moja, msiguse kompyuta hata moja. Dakika chache tu za kusubiri, na mafundi wengi wanaziruka.

La pili: mimea ikiwa nakala, udhaifu wake nao ni nakala. Uko ugonjwa wa madoa ya majani ya mkonge ambao vitabuni unabeba jina la Korogwe, na mkonge wa jirani hauna kinga ambayo uliopatwa hauna. Kompyuta ni hivyohivyo. Nakala mama ikiwa na kosa moja, mmelipanda kosa hilo shule kumi. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024? Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma kifaili kimoja chenye kasoro kwa wateja wake duniani kote. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilizimika. Viwanja vya ndege vilisimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Na tiba yake, kwa kompyuta nyingi, ilikuwa mtu kwenda kwa miguu kwenye kila kompyuta na kuirekebisha kwa mkono. Wale walikuwa na mafundi na magari. Sisi tungefanyaje?

Kwa hiyo msimwage kila mahali kwa siku moja. Nakala mpya ikae shule moja kwanza, tena iwe ya karibu, ambayo fundi anaweza kuifikia kwa bodaboda. Wanafunzi waitumie, waivuruge, wajaribu kila kitu. Wiki mbili zikipita salama, ndipo ipande juu. Na nakala ya zamani isifutwe ghalani mpaka mpya imethibitika.

Nchini kwetu kazi ya namna hii imeshafanyika, tena mbele ya macho yetu. Mnaikumbuka BVR? Februari 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilianza kuandikisha wapiga kura kwa mashine zile za alama za vidole, pale Makambako, mkoani Njombe. Mashine zilikaa kwenye mikoba na zikahamishwa kutoka mkoa hadi mkoa, mpaka zikatufikia. Kama mashine ya kijiji hiki ingeandika taarifa kwa namna moja na ya kijiji cha jirani kwa namna nyingine, daftari moja la taifa lingetoka wapi? Kufanana kwa mashine ndiko kulikobeba zoezi lile.

Na kule Karatu, mkoani Arusha, kuna kazi ya shirika la Powering Potential, lililopeleka kwenye shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba ya RACHEL inayosomwa bila intaneti. Kompyuta hizo hazina diski ya kawaida. Mfumo wake wote unakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha. Mnaona urahisi wake? Kuipeleka nakala mama shuleni ni kupeleka kadi. Ikiharibika, mwalimu anachomoa, anachomeka nyingine, somo linaendelea. Fundi hahitajiki. Kwa shule iliyo mbali na isiyo na umeme wa gridi, mimi ningeanza na hizo kabla ya kompyuta kubwa zilizotumika Ulaya.

Sasa, nani aamue kitakachowekwa ndani ya nakala mama? Hapo mafundi samahani, si ninyi. Ni walimu. Nakala ikishamwagwa kwenye kompyuta mia tatu, kilichomo ndicho watoto watakachokiona, na kisichomo hakipo. Je, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo, kwa ruhusa yao? Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji intaneti imo? Je, programu za kuandikia zina Kiswahili? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nao wakaleta Kiswahili kwenye Office yao. Kazi ya tafsiri ilifanyika zamani, lakini ingia kwenye chumba chochote cha kompyuta ukaone ni lugha gani iko kwenye kioo. Fundi aliiacha kama alivyoikuta, basi.

Na kisichotakiwa kuwemo ni nini? Taarifa za watu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa vituo vya afya na ofisi. Msichukue kompyuta ya mhasibu au ya daftari la wagonjwa, eti kwa kuwa imepangwa vizuri, mkaifanya mama. Mtakuwa mmezisambaza taarifa za wagonjwa kila kijiji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haina kifungu kinachosema nilikuwa nafanya haraka. Anzeni na kompyuta tupu. Hali kadhalika Windows ya wizi: ukiidurufu mara 300, umefanya wizi mara 300, pamoja na virusi vilivyofichwa ndani yake na yule aliyeivunja. Mfumo wa Linux ni wa bure na ni halali. Mkitaka Windows, ilipiwe.

Kuna jambo moja dogo la kiufundi ambalo linawasumbua sana wanaoanza, nalo ni jina. Kompyuta zote zikitoka kwenye mama mmoja, zinaamka zikiwa na jina moja na kitambulisho kimoja, na mtandao unachanganyikiwa. Kabla ya kupiga picha diski, Windows ina chombo chake, Sysprep, kinachofuta kitambulisho ili kila kompyuta ijitengenezee chake itakapoamka. Linux nayo ina faili la kufuta. FOG yenyewe inaweza kuzipa majina. Mkazipe majina yenye maana: Mlalo 01, Mlalo 02. Siku mwalimu akipiga simu kwamba Mlalo 17 imegoma, fundi aliyeko Lushoto anajua anazungumzia meza ipi.

Mpenzi msikilizaji, muda unanitupa mkono, lakini kuna hili la mwisho, tena ni la dharura. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya bure ya kawaida ya usalama, na kompyuta nyingi za misaada zilizoko mashuleni hazina uwezo wa kupokea Windows 11. Maana yake ni kwamba kompyuta hizo, upende usipende, lazima ziandaliwe upya. Ama ziandaliwe moja moja na fundi mwenye flashi, ama ziandaliwe kwa nakala mama.

Basi ombi langu kwa halmashauri zetu mbili, Lushoto na Bumbuli, na kwa wakuu wa shule za serikali na za mashirika ya dini: kabla hamjanunua kompyuta nyingine hata moja, teueni mtu mmoja wa kuitunza nakala mama, kwa jina lake, na wa pili wa kumsaidia akiugua au akihamishwa. Mpeni diski mbili za nje, moja isafiri na nyingine ibaki kabatini. Mpeni nauli. Kila shule itafute kompyuta moja iliyotumika iwe ghala. Na wewe mwalimu wa TEHAMA unayenisikiliza, kesho asubuhi kaa na wenzako muandike kwenye daftari ni programu gani na vitabu gani mnataka viwemo. Orodha hiyo haihitaji bajeti wala kibali, na fundi hawezi kuanza kazi bila kuwa nayo mkononi.